SALAMU BILA YA HODI
Darsa juu ya makampuni ya intaneti na siku kuu za dini

Bismillahi r-Rahmani r-Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeufanya mwezi kuwa alama ya nyakati kwa waja wake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu wapenzi, katika darsa yetu ya baada ya Alasiri waliinuka vijana watatu wakatupa barua waliyoiandika wenyewe. Walitaka tuitie sahihi, kisha isomwe msikitini siku ya Ijumaa. Barua hiyo yawataka Waislamu wa mji huu waiache kampuni moja ya ng'ambo ya mambo ya intaneti, kwa sababu iliwapa Wakristo salamu za Krismasi kwa taa na mapambo, na Idi yetu ikapita kama siku yoyote nyingine. Mwishoni waliandika kwamba asiyetusalimu siku ya Idi hatuheshimu, na asiyetuheshimu hatumpi mali yetu.

Hatukuitia sahihi. Baadhi ya vijana walitukasirikia, na mmoja wao hakuonekana darsani siku mbili. Sasa, mwenye kukataa jambo yampasa aeleze sababu yake, asije akadhaniwa kuwa ameogopa au amepuuza. Kwa hivyo tumeona tuyaandike hapa yale tuliyowaambia, na yale ambayo wakati haukututosha kuyasema, ili wayasome wao na wayasome pia wazee wao.

1. Khabari ilivyokuwa kwa wenzetu

Jambo hili halikuanza kwetu. Limekwisha kuwapata watu wengine kabla yetu, na mwenye akili hujifunza kwa mwenzake kabla halijamfika yeye.

Google, kampuni ya Marekani yenye mtambo wa kutafutia khabari katika intaneti, ina desturi tangu mwaka 1998 ya kuligeuza jina lake lililo juu ya ukurasa likawa mchoro, siku ikiwa na jambo la kukumbukwa. Michoro hiyo huitwa Doodle. Jumapili ya tarehe 31 Machi 2013 ilikuwa Pasaka ya Wakristo wengi. Siku hiyo Google iliweka sura ya Cesar Chavez, kiongozi wa wafanya kazi wa mashamba huko Marekani, aliyezaliwa tarehe hiyo hiyo mwaka 1927. Wakristo wengi wa nchi ile walighadhibika, wakasema kuwa siku yao tukufu imedharauliwa. Wako waliotangaza kwamba wanahamia Bing, mtambo wa kampuni ya Microsoft, kwa kuwa siku ile Bing iliweka picha ya mayai yaliyotiwa rangi, ambayo huko kwao ni pambo la Pasaka.

Na wako, ndugu zetu, walioitazama sura ile mara moja tu wakadhani ni ya Hugo Chávez, rais wa Venezuela, aliyekufa tarehe 5 ya mwezi ule ule. Wakaandika maneno makali juu ya mtu ambaye hakuwamo kabisa katika jambo lenyewe. Lau wangalingoja kidogo na kuuliza, wangalijua kuwa Chavez aliyechorwa alikuwa Mkristo mwenzao, wa Kanisa la Katoliki. Nasi tuna aya ya 6 ya Sura ya Al-Hujurat, inayotuamrisha tuibainishe khabari tuletewayo kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Tuliwauliza vijana wetu: Je, kabla ya kuandika barua, mliichunguza kampuni hii? Mlitazama ilivyofanya miaka iliyopita, na katika nchi nyingine? Walinyamaza. Huo ndio upungufu wa kwanza wa barua yao.

Maneno yalirudi tena mwaka 2018. Safari hii Google ilieleza kwamba kanuni yake ni kutoweka Doodle kwa siku kuu za dini. Ikasema kuwa huweza kuweka mchoro kwa sherehe zisizo za kidini zilizochipuka katika siku za dini, kama vile siku ya Valentine, rangi za Holi za Wahindi, na msimu wa Disemba, ila haitii alama za dini ndani yake.

Kijana mmoja akasema: Sheikh, hiyo si hila? Disemba hupambwa ikaitwa msimu, na Shawali haipambwi ikaitwa dini! Tukamwambia kuwa suali lake si la kipumbavu. Mwenye kujiwekea kanuni yampasa aifuate sawa sawa kwa watu wote, na mwenye kupima kwa pishi mbili hastahiki kusifiwa kwa uadilifu. Lakini kusema kuwa mtu hakufuata kanuni yake mwenyewe ni jambo moja, na kusema kuwa ameivunja heshima ya dini yetu ni jambo jingine. Tusizichanganye mas-ala mbili.

Wala si kweli kwamba makampuni haya hayatutazami Waislamu kabisa. Mwaka 2015 Unicode, jumuiya inayopanga herufi za mitambo ya dunia nzima, iliingiza vijisanamu vya msikiti, Kaaba na tasbihi katika vile ambavyo watu huandikiana kwa simu. Ramadhani ya mwaka 2017 Google ilitoa Qibla Finder, ya kumwonyesha mtu kibla kilipo. Mwenye kulalamika sharti ataje na haya, kwani Sura ya Al-Maida, katika aya ya 8, yatukataza kuiacha insafu kwa sababu ya kuwachukia watu.

2. Heshima ya Idi iko wapi?

Sasa twaja kwenye asili ya jambo. Ni nani aliyeipa Idi utukufu wake?

Anas bin Malik (R.A.) amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wa mji ule wana siku mbili wanazocheza na kufurahi tangu zama za ujahili. Akawaeleza kuwa Mwenyezi Mungu amewabadilishia siku hizo kwa mbili zilizo bora zaidi, nazo ni Adh-ha na Fitri. Hadithi hii wameipokea Abu Daud na An-Nasai. Tuizingatie vizuri. Idi mbili hizi hatukupewa na mfalme, wala na mfanya biashara, wala na serikali. Tulipewa na Mola wetu. Na kitu alichokitukuza Yeye hakipungui utukufu kwa kusahauliwa na tajiri aliyeko California, wala hakizidi kwa kutajwa naye.

Kisha tutazame utukufu wenyewe umewekwa katika nini. Aya ya 185 ya Sura ya Al-Baqara imeutaja kwa kukamilisha hisabu ya siku za saumu, na kumtukuza Mwenyezi Mungu kwa takbira, na kushukuru. Na katika Idi ya kuchinja, aya ya 37 ya Sura ya Al-Hajj yatufundisha kwamba nyama na damu hazimfikii Mwenyezi Mungu, bali humfikia ucha Mungu wetu. Ikiwa hata damu ya mnyama tuliyemnunua kwa mali yetu haifiki, basi taa za rangi zilizochorwa juu ya kioo cha simu zitafika wapi?

Iko ibra nyingine iliyo karibu zaidi. Mwezi wa Februari 2025 watu walitanabahi kwamba kalenda ya Google imeondoa siku na miezi mingi iliyokuwa ikijionyesha yenyewe kwa kila mtu. Miongoni mwake ulikuwamo mwezi wa kukumbuka historia ya watu weusi wa Marekani, na siku ya kuwakumbuka Mayahudi waliouawa na Wanazi. Watu wengi walihuzunika. Kampuni ikajibu kuwa tangu katikati ya mwaka 2024 imebaki na siku za mapumziko za serikali na maadhimisho ya kitaifa tu, kwa kuwa kuziandika kwa mkono mamia ya siku za nchi zote hakukuwezekana tena, na kwamba atakaye siku nyingine aiongeze mwenyewe.

Hatusemi hapa kuwa walifanya vyema au vibaya. Twasema hivi: mwenye kuitundika siku yake katika ukuta wa mwenzake, mwenye ukuta akiamua kupaka chokaa, huishusha. Sisi Idi yetu haikutundikwa katika ukuta wa mtu. Imetundikwa juu, katika mwezi, nao ndio uliotajwa katika aya ya 189 ya Sura ya Al-Baqara kuwa ni nyakati kwa watu na kwa Hija. Hakuna kampuni iwezayo kuuondoa.

3. Salamu za mwenye kuuza

Hwenda mtu akauliza: Je, wakitusalimu, tukatae? La. Uislamu si dini ya utovu wa adabu. Aya ya 86 ya Sura ya An-Nisaa yatufunza tukisalimiwa turudishe salamu iliyo bora zaidi au mfano wake, na aya ya 8 ya Sura ya Al-Mumtahina haitukatazi kuwafanyia wema na uadilifu wasiotupiga vita katika dini. Jirani yako Mkristo akikuletea mkono wa Idi, upokee kwa uso mkunjufu. Mwenye duka wa Kihindi akikupa kheri ya siku kuu, mshukuru.

Lakini tuijue salamu ya jirani na salamu ya tangazo. Jirani hukusalimu kwa kuwa akujua. Tangazo hukusalimu kwa kuwa lataka kukujua. Ramadhani katika nchi za Waislamu imekuwa msimu mkubwa wa biashara, na matangazo ya fanusi na tende na miezi michanga humiminika usiku na mchana. Mfanya biashara si mwenye makosa kwa kutaka kuuza, kwani kuuza ni halali. Mwenye makosa ni sisi tunapoipima heshima ya dini yetu kwa mapambo ya duka lake. Wale walioihama Google wakaenda Bing walivutwa na mayai ya rangi. Twasema kwa heshima ya wenzetu kwamba mayai si imani yao. Vivyo hivyo fanusi si saumu yetu.

4. Salamu na hodi

Hapa ndipo palipo moyo wa darsa hii, nasi twawaomba wasomaji wetu watusikilize kwa makini.

Aya ya 27 ya Sura ya An-Nur imetukataza kuingia katika nyumba zisizo zetu mpaka tufanye mambo mawili: tutake ruhusa, na tuwasalimu wenyewe. Na aya inayofuata yasema kuwa tukiambiwa turudi, basi turudi. Angalieni, Mwenyezi Mungu hakutosheka na salamu peke yake. Mtu akifungua mlango wako usiku, akaingia mpaka chumbani, kisha akasema Assalamu alaikum kwa sauti nzuri kabisa, hatutasema kuwa huyu ni mtu mwenye heshima. Tutasema ni mwizi aliyejifunza adabu. Wazee wetu wa pwani waliifahamu aya hii hata wakaiweka katika maisha ya kila siku, wala mtoto hakuruhusiwa kukanyaga kizingiti cha watu bila ya kupiga hodi na kungoja karibu.

Na Mtume (S.A.W.) ametueleza sababu ya hodi. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba mtu mmoja alichungulia katika tundu ya nyumba yake, naye Mtume ameshika kitu cha kuchania kichwa. Akamkemea mtu yule kwa ukali, akabainisha kuwa ruhusa imewekwa kwa ajili ya jicho. Maana yake, nyumba hulindwa na macho kabla ya kulindwa na miguu. Asiyeingia kwa mwili akaingia kwa jicho, ameingia.

Baada ya kuifahamu hukumu hii, sikilizeni khabari ya kweli. Iko programu ya simu iitwayo Muslim Pro, iliyotengenezwa na kampuni iliyoko Singapore. Humjulisha mtu saa za sala, humwadhinia, humwonyesha kibla, na humwekea Kurani mkononi. Katika mwezi wa Novemba 2020, wakati ambapo ilikuwa imekwisha kuchukuliwa zaidi ya mara milioni 98 duniani, waandishi wa Motherboard, chombo cha khabari cha Marekani, walifichua kwamba programu ile ilikuwa ikipeleka khabari za mahali walipo watumiaji wake kwa kampuni iitwayo X-Mode. Na X-Mode ilikuwa ikiuza khabari za namna hiyo, na miongoni mwa wanunuzi wake walikuwamo makandarasi wanaofanya kazi na jeshi la Marekani.

Insafu yataka tuseme pia kuwa wenye Muslim Pro walikanusha kuliuzia jeshi khabari za watu, wakatangaza kukata uhusiano wao na X-Mode. Mwezi wa Disemba 2020 Apple na Google zilipiga marufuku mtambo wa X-Mode kuwekwa ndani ya programu za simu. Na mwezi wa Januari 2024 idara ya biashara ya haki ya serikali ya Marekani iliikataza kampuni hiyo kuuza khabari za mahali palipo nyeti, kama nyumba za ibada na hospitali.

Fikirini, ndugu zetu. Mtu aamka alfajiri, atawadha, aenda msikitini, na kilicho mfukoni mwake chaandika: huyu ametoka nyumba fulani, ameingia msikiti fulani, amekaa dakika kadha wa kadha. Kila siku, mara tano. Na programu hiyo ilimsalimu vizuri. Ilimpa Ramadhani Karim na Idi Mubarak kila mwaka. Lau vijana wetu wangaliipima kwa mizani ya barua yao, ya kwamba mwenye kutusalimu ndiye mwenye kutuheshimu, hii ndiyo ingalikuwa ya kwanza kusifiwa. Aya ya 12 ya Sura ya Al-Hujurat imekataza kupelelezana, wala haikumvua mpelelezi kwa kuwa ana salamu nzuri.

Hapa hatujitoi. Sisi wenyewe tulikuwa na programu ya adhana katika simu yetu muda wa miaka, na hatukupata hata siku moja kuuliza yapeleka wapi inachokijua. Tulibonyeza palipoandikwa nakubali pasi na kusoma, na sisi ndio tunaowafundisha watu masharti ya mikataba. Mwenyezi Mungu atusamehe.

5. Tumeuza nini, na kwa bei gani?

Na tulichokitafuta kwa kutoa siri hiyo ni kitu gani? Ni kibla na saa za sala.

Makka iko kadiri ya digrii 21 na nusu kaskazini ya Ikweta. Mombasa iko kadiri ya digrii 4 kusini. Na miji yote miwili yakaribia mstari mmoja, kwenye digrii 39 na robo tatu mashariki. Maana yake ni kwamba aliyeko Mombasa akielekea kaskazini sawa sawa, ameelekea Kaaba. Malindi na Lamu huinama kidogo tu upande wa magharibi. Hili wazee wetu walilijua pasi na simu, hata katika Kiswahili chao neno kibla likatumika kwa maana ya kaskazini yenyewe. Nahodha aliyeijua nyota ya kaskazini alikijua kibla.

Na saa za sala, kwa kuwa tuko karibu na Ikweta, kuchwa kwa jua huku kwetu hakutofautiani zaidi ya nusu saa na kidogo kwa mwaka mzima. Karatasi moja iliyobandikwa ukutani msikitini yamtosha mtu.

Hatusemi kwamba simu ni haramu, wala hatumlaumu msafiri aliye katika nchi ngeni akahitaji kuonyeshwa kibla. Elimu ya mitambo ni neema, na wanazuoni wa Kiislamu wa zamani ndio waliotunga majedwali ya nyota na saa za sala kwa nchi mbali mbali. Tunasema kuwa mtu wa Mji wa Kale, aliyezaliwa akausikia mwadhini kwa masikio yake, amemwonyesha mgeni asiyemjua mlango wa nyumba yake na wa msikiti wake, ili aambiwe jambo alilolijua babu yake. Hiyo ni biashara ya hasara.

6. Haki ya kudaiwa

Basi, je, tunyamaze tu? Hasha. Hatukukataa kuitia sahihi barua ya vijana kwa kuwa yadai. Tumeikataa kwa kuwa yadai kitu kidogo na kuacha kikubwa. Salamu ni hisani, na hisani haidaiwi. Amana ni haki, na haki hudaiwa. Aya ya 58 ya Sura ya An-Nisaa imeamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe, na siri ya mtu ni amana.

Katika nchi yetu haki hizi zimeandikwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, imemhifadhia kila mtu faragha yake, na katika kifungu cha 32 imemhifadhia uhuru wa kuabudu, na imekataza mtu kunyimwa kazi au huduma kwa sababu ya imani yake. Kisha ikaja Sheria ya Kulinda Data, namba 24 ya mwaka 2019, ambayo imeihisabu imani ya mtu kuwa miongoni mwa khabari nyeti zinazotaka ulinzi zaidi. Kwa sheria hiyo mtu ana haki ya kuambiwa khabari zake zatumiwa kwa kazi gani, na kuzitazama, na kupinga zisitumiwe, na kutaka zisahihishwe au zifutwe zikiwa za uongo au za kupotosha. Iko na ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data ya kupelekewa mashtaka. Waislamu wangapi wa mji huu wameijua sheria hii? Twadhani ni wachache kuliko wanaojua ni kampuni gani iliyoweka picha ya mwezi siku ya Idi.

Kwa hivyo tumewaambia vijana wetu waandike barua ya pili. Waandike kuwataka wenye programu za saa za sala, hasa zile zinazotangazwa katika misikiti yetu, waeleze kwa Kiswahili kinachofahamika ni khabari gani wanazozichukua na wanampa nani. Waandike kuwataka waajiri watoe nafasi ya sala ya Ijumaa bila ya kumkata mtu mshahara. Waandike kuzitaka shule zisiweke mitihani siku za Idi. Barua ya namna hiyo tutaitia sahihi yetu ya kwanza, na tutaisoma wenyewe juu ya mimbari.

Na kwa kila mmoja wetu nyumbani, mambo matatu mepesi. Kwanza, afungue simu yake atazame ni programu zipi alizozipa ruhusa ya kujua mahali alipo, na isiyo na haja aiondolee. Pili, programu ya saa za sala aiandikie jina la mji wake, asiiachie imfuate aendako. Tatu, aifute ile asiyoitumia. Ajuaye amfanyie mama yake na bibi yake, kwani hao ndio wanaobonyeza nakubali kwa kuwaamini watoto wao.

7. Tujihisabu sisi kabla ya wengine

Limebaki neno moja chungu, nasi twalisema juu ya nafsi zetu kwanza.

Twawalaumu watu wa mbali kwa kutoipamba Idi yetu. Sisi wenyewe twaipambaje? Usiku wa Idi simu hujaa picha za salamu, kila mtu apeleka kwa mia mbili picha ileile aliyopelekewa, wala jina la mpelekewa halimo ndani yake. Na jirani wa ukuta kwa ukuta hatukumpigia hodi. Zaka ya Fitri, ambayo wakati wake bora ni kabla ya sala ya Idi, wengine huikumbuka Alasiri. Takbira, ambayo ndiyo pambo la Idi kwa nassi ya Kurani, zasikika kwa wazee wanne mbele ya mihrabu, na vijana nyuma wajipiga picha. Kijana akopa kwa ajili ya kanzu, na shangazi yake mjane hana unga.

Na mwezi je? Mara ngapi mji mmoja, tena nyumba moja, imefungua kwa siku mbili, huyu ala na huyu afunga, na watu hawaamkiani? Ni kampuni gani itakayoipamba siku ambayo wenyewe hatujakubaliana ni ipi? Wako hata wanaotoa hoja kwa kalenda ya simu, wakasema Idi ni kesho kwa kuwa imeandikwa, nayo imeandikwa kwa hisabu ya kukisia, haikumwona mtu aliyeuona mwezi. Hivyo ndivyo mtu anavyoanza kwa kuomba salamu za mwenye mtambo, akaishia kumpa mwenye mtambo siku yake.

Khatima

Ndugu zetu, yaliyotangulia tumeyakusanya katika maneno machache ili vijana wayahifadhi. Heshima ya Idi ni kwa Mwenyezi Mungu, na walinzi wake ni sisi wenye kuisali. Anayetusalimu tumrudishie kwa wema, na asiyetusalimu hatumdai. Anayeingia nyumbani kwetu bila ya hodi tumzuie, hata akiwa ameshika fanusi. Na khabari tuichunguze kabla ya kuipigia kelele.

Yule kijana aliyeacha kuja siku mbili, twamwambia kwamba nafasi yake katika duara ya darsa iko, haikukaliwa na mtu. Ghera yake juu ya dini yake ni kitu cha thamani. Hatukutaka kuizima, twataka aielekeze panapostahiki. Aje na kalamu yake.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki kuwa ni haki na aturuzuku kuifuata, na atuonyeshe batili kuwa ni batili na aturuzuku kuiepuka. Azisitiri nyumba zetu na siri zetu, na atukutanishe katika Idi ijayo mji mmoja, takbira moja. Amin.

Wallahu aalam.